Chakula cha Bibi Lucia

Juzi barazani kijana wetu aliyerudi Marekani alitusifia Taco Bell, kampuni yenye maelfu ya hoteli. Nikamwuliza: Wamjua Lucia Rodriguez? Hakumjua. (Hilo jina la taco, kwa masikio ya Mswahili, tuliache!)

Bibi Lucia, mhamiaji kutoka Meksiko, alifungua Mitla Cafe mjini San Bernardino, California, mwaka 1937. Taco yake ni chapati ya mahindi iliyokunjwa na kukaangwa, ndani nyama ya kusaga, jibini na nyanya. Ng'ambo ya njia Bw. Glen Bell aliuza hambaga. Akila pale kila mara, hata akajua siri ya jikoni. Mwaka 1962 akaanzisha Taco Bell.

Simwiti mwizi; mapishi hayana hati. Lakini kumtaja mwalimu kwagharimu nini? Na Mitla haikuwa sahani tu. Wameksiko waliokatazwa kuogelea katika bwawa la mji walipanga kesi yao mezani pale, wakashinda mwaka 1944.

Ukoo uleule ungali ukipika, hata vyakula vya shughuli. Kijana akirudi huko, akale Mitla kwanza. Ila nyama aiulizie.