Plafo si ufahari

Mwezi wa kenda na wa kumi, mbele mvua ianze, manzanza ya nyumba zetu inachoma. Baba anatoka poste ya usiku, anaoga, anakula bukari, analala. Jua likipanda, chumba kinakuwa tanuru. Anatoa mukeka chini ya muembe. Huko tena inzi na kelele za batoto. Usiku anarudi ku kazi na macho mekundu, kuendesha kamio kubwa mu shimo. Nani atashangaa akisinzia?

Manzanza haibaki na moto wa jua: inautuma chini mpaka ku kitanda. Ile yenye kutu njo mbaya zaidi. Vantilatere, siku umeme iko, inazungusha tu hewa ya moto.

Dawa njo plafo, hata ya mikeka, yenye kuacha nafasi chini ya manzanza, na matundu ku kuta pande mbili, juu ya plafo, ili moto utoke. (Mbabula ikae mbali na mikeka, tafazali!) Manzanza yenyewe muipake chokaa nyeupe; mvua itaiosha, basi mutarudilia kila kiangazi.

Sisi wenyewe tuna kosa: tunanunua televizyo, plafo inangoja miaka. Lakini muajiri anayetoa mkopo wa manzanza bila plafo anajenga nusu ya nyumba. Usingizi wa muchana ni usalama wa kazi, sawa na kofia na bote. Sendika ikienda kujadili mkataba, iandike plafo mu orodha, mbele ya vikwembe vya defile ya tarehe 1 mwezi wa tano.