Kinga Isiyoandikwa
Desemba 2016, mjini Fort Worth, Texas, mama mmoja Mweusi aliita polisi akilalamika kwamba jirani amemkaba koo mwanawe wa miaka 7. Askari aliyefika akamkamata mama huyo pamoja na binti zake. Adhabu yake ilikuwa kusimamishwa kazi kwa siku 10.

Familia ilishtaki kwa sheria ya 1871, inayomruhusu raia kumdai fidia ofisa aliyekiuka haki zake. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ikamkinga askari dhidi ya dai la kutumia nguvu kupita kiasi. Nasema wazi: kinga hiyo haimo katika sheria. Majaji waliibuni wenyewe, kuanzia 1967. Bunge la Marekani liifute. Haki isiyoweza kudaiwa mahakamani ni hisani ya askari.