Bango halizai lenga-lenga

Wandugu, leo nasema jambo ambalo halitapendeza kila mtu. Nalisema kwa vijana wenzangu wakimbizi, na kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana hapa sote tuna makosa.

Mnakumbuka ule mradi wa bustani ya watoto? Jina sitaji. Walikuja na masanduku mazuri ya mbao, miche iliyokwisha kuota, na bango kubwa. Watoto wakapangwa mstari, kila mmoja akashikishwa mche, picha zikapigwa. Gari lilipoondoka watoto wakaambiwa: msiguse, mtaharibu. Juni ikafika, mvua ikakata, hakuna mtu aliyepewa kazi ya kumwagilia. Miche ikakauka yote. Bango bado liko, linang'aa.

Mimi ni mtu wa kujitolea tu, nimesoma sekondari, si mtaalamu wa kilimo. Lakini nauliza: bustani ya watoto ambayo mtoto haruhusiwi kugusa, ni ya nani?

Sasa upande wetu. Kila nikitaja bustani hapa Busanza, napewa majibu mawili.

La kwanza: "Hatuna shamba." Ni kweli. Tunapanga, uani kumemwagwa sementi, na mwenye nyumba akikuona na jembe anauliza unachimba nini. Lakini nani kasema shamba? Kule Kibera, Nairobi, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, kina mama walilima sukuma kwenye magunia karibu na milango yao. Wanyarwanda, jirani zetu hapa, wana akarima k'igikoni, yaani kabustani ka jikoni. Gunia moja linachukua nafasi ya bidoni mbili, basi.

Na si kazi ngumu. Chukua gunia la mchele lililoisha. Simamisha katikati kopo lisilo na kitako, lijaze mawe madogo, zungushia udongo uliochanganywa na samadi. Vuta kopo juu, jaza tena, hivo hivo mpaka gunia lijae. Yale mawe ndiyo njia ya maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda lenga-lenga. Juu weka vitunguu vya majani. Maji uliyooshea mboga yanafaa, mradi hayana sabuni.

Jibu la pili ndilo linaniuma: "Sisi tuko hapa kwa muda, tunangoja kuondoka." Ndugu yangu, kambi ya Kiziba ilifunguliwa 1996. Kuna waliozaliwa mle ambao leo nao ni wazazi. Lenga-lenga unaanza kuchuma baada ya wiki nne hivi. Mtoto wa miaka 6 asubiri nchi ya tatu ndipo ashike udongo? Na safari yenu ikija kesho, jirani atachuma. Hasara iko wapi?

Sisi tulianza na magunia mawili na watoto wanane. Wiki ya kwanza mmoja alikuwa anang'oa miche kila asubuhi kuangalia kama mizizi imeshika. Mama mmoja akataka kumchapa. Nikamwambia: mama, mwache. Nusu ya miche ikafa. Tukapanda tena, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa anawakemea wenzake wasiguse shina. Hakuna aliyemfundisha hilo. Aliharibu, akaona, akajua.

Mwingine haoni vizuri. Ukimpa lenga-lenga peke yake, kwake ni majani tu. Ndiyo maana tuliongeza mchaichai na romarini kwenye makopo. Mchaichai anaujua kwa ukali wa ukingo wa jani, romarini kwa vidole vinavyobaki na harufu. Ganda kavu la maharage analitikisa sikioni kusikia kama limeiva. Siku hizi wenzake wakibishana huu ni mmea gani, wanampelekea yeye anuse. Kwa hiyo usipande cha sufuria tu. Panda na cha pua, cha vidole, cha masikio.

Ninyi wa mashirika, nawaomba kwa heshima: pesa ya bango nunueni samadi na mbegu. Mkija Aprili, rudini Julai, kiangazi kikiwa kikali, muone nani anamwagilia. Na kwenye ripoti msiandike tu watoto wangapi walihudhuria. Andikeni wangapi walichuma.

Wazazi, nguo chafu inafuliwa. Mvalisheni mtoto ile iliyochanika, mumwachie matope.

Na sisi vijana tuache kukaa tunalaumu mradi uliokufa huku magunia matupu yamejaa chini ya vitanda vyetu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukitoka umuganda, tunajaza magunia mengine. Njoo na gunia lako na mdogo wako. Simu ya picha ibaki mfukoni mpaka siku ya kuchuma.