Jibu la Hesabu Halipigiwi Saluti

Askari anapopewa amri hutii kwanza. Hiyo ndiyo desturi ya jeshi na ya polisi, wala hatuna haja ya kuilaumu. Lakini desturi hiyo haifai katika darasa la hesabu wanamosoma watoto wetu wa kambini.

Katika madarasa mengi mwalimu huandika kanuni ubaoni, watoto huinakili, kisha huulizwa: "Mmeelewa?" Wote huitikia: "Ndiyo, mwalimu!" Asiyeelewa huitikia pamoja nao kwa kuogopa kuchekwa. Ukimya wa namna hiyo si nidhamu. Ni maficho ya ujinga.

Natutoe mfano. Nusu ya gunia la unga ikijumlishwa na theluthi ya gunia, jumla ni kiasi gani? Mtoto mmoja ajibu 2/5, kwa kuwa amejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Mwalimu akimtia alama ya kosa na kuendelea, mtoto huyo hakujifunza lolote. Lakini akiwauliza wenzake wanaonaje, huenda mmoja akasema: "2/5 ni pungufu ya nusu. Tulikuwa na nusu, tukaongezewa. Mbona unga umepungua?" Hapo darasa zima litatafuta kosa lilipo, na litatambua kwamba vipande visivyolingana havihesabiki pamoja mpaka vikatwe sawa: 3/6 na 2/6, jumla 5/6. Aliyekosa hatasahau kamwe.

Wako wasemao kwamba mazungumzo huleta makelele na kupoteza wakati, hasa darasa linapojaa watoto. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Swali moja lililochaguliwa vema, watoto wawili wawili wa benchi moja, dakika tano tu: hayo yawezekana hata katika darasa kubwa. Mwalimu hapotezi uongozi wake. Ndiye achaguaye swali, asikilizaye, na atoaye hitimisho.

Mwaka 2020 Uganda ilianzisha mtaala mpya wa sekondari ya chini, unaotaka wanafunzi washirikiane katika vikundi na kueleza fikira zao. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa taifa mwaka 2024. Hata hivyo, mtaala hauna ulimi. Hauwezi kusema pale ambapo mtoto amefundishwa kunyamaza.

Sisi askari twapaswa kulielewa jambo hili upesi. Mpelelezi hakubali neno bila ushahidi. Baada ya zoezi, kikosi huketi na kuchunguza palipokosewa. Na mpiga mzinga asiyejua sababu ya hesabu yake ni hatari kwa wenzake.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao arudipo jioni na daftari lake, usimwulize tu, "Umepata ngapi?" Mwulize pia, "Umejuaje?" Kisha vua cheo chako mlangoni, umsikilize.