Mlinzi Naye Apigiwe Makofi

Ndugu zetu wapenzi wa mpira wa kikapu hapa Igoma, wamkumbukapo marehemu Dikembe Mutombo, hutaja kwanza urefu wake na kile kidole alichokitikisa kumkanya mfungaji. Sisi twaona wamsahau mchezaji mwenyewe. Mwana huyo wa Kinshasa, aliyefariki tarehe 30 Septemba, 2024, alikuwa na madaha yake: humngoja mwenzake aruke, ndipo naye anyoshe mkono na kuutwaa mpira hewani kama mtu achumaye embe. Katika miaka 18 ya ligi kuu ya Marekani alizuia mara 3,289. Mwaka 1994 Denver, timu iliyoshika nafasi ya nane, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Mchezo ulipokwisha Mutombo alikuwa chali sakafuni, mpira mikononi, uso umejaa furaha.

Walinzi wa namna hiyo hatuwalei. Kila kijana ataka kufunga, nasi watazamaji ndio tuliomzoeza hivyo. Hospitali aliyoijenga Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la mama yake, yasifiwa sana, na ni haki. Lakini twataka mchezo wake nao usifiwe. Jioni hii kijana akizuia vema, apigiwe makofi sawa na aliyefunga.