Methali zetu zinajua kulima



Kila mtoto wa Bunia anaijua methali hii: apandacho mtu ndicho avunacho. Ukimuuliza maana, atajibu habari za tabia: tenda mema, utapata mema. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Nusu nyingine iko shambani. Ukikata mti wa muhogo wenye mozaiki, ule wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya manjano, na kuupanda, unahamisha ugonjwa hadi shamba jipya, na mihogo inatoka midogo. Ndiyo maana tunachagua miti ya kupanda wakati bado ina majani, ili tuone afya yake.

Si sisi peke yetu tuliofunga maadili na jembe pamoja. Watamil wa kusini mwa India wana kitabu cha kale cha maadili, Tirukkural, chenye sura nzima juu ya kilimo. Kinafundisha kuacha udongo uliolimwa ukauke vizuri, kutia mbolea, kupalilia na kulinda mazao. Kinasema pia kwamba shamba ambalo mwenyewe halitembelei hununa kama mke aliyeachwa peke yake. Wamama, hilo tunalielewa bila mwalimu!

Turudi kwetu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine wanaitumia kumfukuza mgeni. Lakini nyumba nyingi hapa zimepokea ndugu waliokimbia vita Djugu na Irumu. Maharagi yanataka kupaliliwa mapema. Tukingoja hadi yatoe maua, tunayaangusha kwa kupita katikati yake. Mikono miwili zaidi inaokoa mavuno, na mgeni anabaki mkulima, hageuki mwombaji.

Haba na haba hujaza kibaba. Siku ya mavuno, tutenge maharagi mazuri, yasiyotobolewa na wadudu, tuyakaushe na kuyaweka mbali na sufuria. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kikiisha, hatutatafuta mbegu sokoni wakati kila mtu anaitafuta.

Tunalisema hili kwa sababu watoto wengi wanakulia mjini, mbali na mashamba ya wazazi wao. Darasani wanakariri methali vizuri sana, lakini wengi hawajashika jembe. Siku watakaporudi kijijini, maneno matupu hayatawalisha.

Basi wiki hii, tukitaja methali nyumbani, tuwe na kitu mkononi: mti wa muhogo, kiganja cha mbegu, au jembe kwenye tuta dogo la lengalenga nyuma ya nyumba. Na nyanya zetu wakiwa karibu, tuwaombe waeleze walivyofanya wao. Mtoto asikie, aone, kisha ashike mwenyewe.