Wimbo Ukimwacha Mwimbaji

Kila wiki tunaletewa hesabu: wimbo fulani umesikilizwa mara milioni kadhaa ndani ya siku chache, na kabla wiki haijaisha umeshatangazwa kuwa wa kudumu. Hesabu zenyewe sizipingi, ila zinajibu swali jingine. Spotify, iliyoingia Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, humhesabu msikilizaji akishapita sekunde 30. Aliyepitiwa na usingizi sekunde ya 31 anahesabiwa sawa na aliyeurudia wimbo mpaka akaushika wote. Kinachopimwa ni rekodi kupigwa. Mimi nadai kwamba wimbo wa kudumu hujulikana kwa jambo lisilohesabiwa humo: unaweza kutoka kinywani mwa mwenyewe, ukaimbwa na watu wasio na sauti yake wala bendi yake, pengine hata lugha yake hawaijui, na usipungue kitu.

Tazama “Malaika”. Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akautembeza duniani, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo akaurekodi mwaka 1991, na bendi za hoteli za pwani hazijauacha hata leo. Ubishi kuhusu aliyeutunga hasa, kama ni Fadhili, Adam Salim au Grant Charo, umeendelea miaka na miaka. Wanasheria na warithi wana haki ya kuujali, lakini mwimbaji wa hotelini haumsumbui. Kisa chake ni kimoja na maneno yake ni machache: kijana amependa, mali ya kuolea hana. Hata asiye na sauti anaweza kuumaliza bila kuaibika. “Sina Makosa” wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi baada ya wanamuziki wake kuihama Simba Wanyika mwaka 1978, umeshika njia hiyo hiyo. Wapigaji wa leo huliiga besi la Tom Malanga noti kwa noti, na ukumbi mzima hupokea maneno kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wimbo huo unahusu wanaume wawili wanaochukiana kwa ajili ya mwanamke asiye wa yeyote kati yao, ilhali kila mmoja ana wake nyumbani, na bado hupigwa harusini, mbele ya maharusi na wazazi wao. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu ulishakuwa mali ya wanaoucheza.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. “Mr. Brightside” wa The Killers, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2003, haukupata kupita nafasi ya kumi katika chati ya Uingereza, lakini umekaa ndani ya nyimbo mia moja bora za nchi hiyo kwa zaidi ya wiki 400. Ukiufungua ndani utaona kwa nini. Ubeti wa kwanza unatembea karibu na noti moja tu, kama mtu anayelalamika kwa haraka, na ubeti wa pili ni ule ule wa kwanza, neno kwa neno. Mhakiki ataita uvivu. Mlevi wa baa ya Manchester anapata wimbo mzima kwa kujifunza nusu yake.

Atatokea wa kusema kwamba siku hizi rekodi ndiyo wimbo: “Blinding Lights” wa The Weeknd, ambao umepita wimbo mwingine wowote kwa kusikilizwa Spotify, ni kinanda cha umeme na mwangwi wa studio, wala hauna maana ukiimbwa kwa gita chini ya mwembe. Hoja hii ina uzito, na wapenzi wa bendi ya Mlimani Park watanikumbusha kwamba magita yake hayana mbadala. Lakini angalia watu wanachoondoka nacho. Muulize aliyeusikia “Blinding Lights” auimbe, na ataanza na kile kipande cha kinanda, kwa mdomo, bila kinanda. Studio imetengeneza kitu kinachobebeka nje ya studio. Ambako hakuna kipande cha namna hiyo, sauti nzuri peke yake huzeeka pamoja na mitambo iliyoitengeneza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: zilipendwa zilidumu kwa sababu watu hawakuwa na pa kwenda. Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo iliyorekodi bendi na ndiyo iliyozirusha, kwa hiyo taifa likapenda lilichopewa. Ni kweli kwamba redio ilichagua kwa niaba ya wasikilizaji, kama ambavyo leo mtambo wa kupendekeza nyimbo unavyochagua. Ila RTD ilirekodi maelfu ya nyimbo, zote zikapita mlango ule ule, na zinazoimbwa mpaka sasa ni chache. Mlango unaeleza kwa nini zilijulikana tu. Vivyo hivyo kwa Kate Bush: tamthilia ya Stranger Things iliurudisha “Running Up That Hill” wa mwaka 1985 hadi namba moja Uingereza mwaka 2022, wakati nyimbo nyingine nyingi huwekwa kwenye tamthilia na kusahaulika kabla ya msimu unaofuata. Wala tusitishwe na takwimu za Marekani zinazoonyesha “nyimbo za zamani” zikichukua zaidi ya theluthi mbili ya usikilizaji. Katika hesabu hizo, wimbo wa miezi 19 tayari ni mzee.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni “Maria Salome” wa Saida Karoli. Aliuimba kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ukaitikiwa na watu wasiojua hata salamu ya Bukoba. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaugeuza kuwa “Salome”, wenye mdundo mwingine, maneno mengine na kizazi kingine kabisa. Wapo waliolalamika kwamba wa kwanza umeharibiwa. Mimi naona umepimwa: ulivuliwa karibu kila kitu, na kilichobaki kikatosha kujaza ukumbi. Swali la nani alilipwa nini kwa safari hiyo ni halali, na makala mbili ndani ya toleo hili zinalishughulikia kwa ukali unaostahili.

Kwa sababu hiyo hatukuchapa orodha ya nyimbo bora za mwaka, ingawa wasomaji kadhaa waliiomba. Waandishi wetu tuliwatuma kwa bendi za harusi, kwaya na wapiga gita wa baa, wakaulize ni wimbo gani mpya ambao umeanza kuombwa na wasioweza kutaja jina la aliyeuimba.